Je, wajua kwa nini msumeno uleule hupata nguvu ukibadilishiwa betri tu?

Tulikuwa saiti nje ya Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo umeme ulikuwa bado haujavutwa, tukikata fremu za milango. Mbao zilikuwa za mninga, mbili kwa sita, zimekauka vizuri. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ameshika msumeno wa duara wa betri. Ulipofika katikati ya ubao ukaguna, ukapunguza mwendo, ukazima. Akaurudisha nyuma, akaanza upya, ukazima tena, na harufu ya mbao inayoungua ikaanza kusikika. Nikachomoa ile betri nyembamba iliyokuwemo, nikapachika nene, nikamwambia aendelee. Msumeno ukapita hadi mwisho wa ubao bila kusita, vumbi la mninga likimwagika juu ya viatu vyake.

"Fundi," akauliza, "si zote mbili zimeandikwa volti 18? Na ile ndogo nimeichaji usiku, imejaa kabisa."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Wengi wetu tunaamini betri kubwa ni kama tanki kubwa la pikipiki: utafika mbali zaidi, lakini pikipiki haitaongeza mbio. Kwa betri ya mashine imani hiyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotugharimu mafundi.

Ndani ya lile boksi la plastiki kuna seli, yaani vijibetri vya duara vinavyofanana na betri za tochi. Nyingi zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana huitwa 18650. Seli moja hutoa volti 3.6. Ukizipanga tano kwa mfululizo, kichwa cha hii kwa mkia wa ile, unapata volti 18. Betri nyembamba ya ampea-saa 2 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza) ina seli hizo tano basi. Ile nene ya ampea-saa 5 ina kumi, zimepangwa jozi tano. Volti hazikuongezeka, ila kila seli sasa ina mwenzake wa kusaidiana naye mzigo.

Msumeno ukizama kwenye mbao ngumu huomba umeme mwingi kwa mkupuo. Tufanye umeomba ampea 30. Katika betri nyembamba, kila seli hupitisha ampea zote 30. Katika betri nene, jozi hugawana, 15 kwa 15. Sasa kila seli ina ukinzani mdogo ndani yake, yaani kipingamizi kwa umeme unaopita, tuseme miliomu 20 (omu 0.02), na umeme ukipita hapo volti kidogo hupotea na kugeuka joto. Piga hesabu, ampea mara omu mara seli tano: betri nyembamba hupoteza volti 3, kwa hiyo motor inapata 15 badala ya 18. Betri nene hupoteza 1.5 tu, motor inapata 16.5. Ndiyo nguvu aliyoiona kijana wangu. Msumeno haukubadilika chochote, ulikuwa na njaa.

Upande wa joto ndio unaonitia uchungu zaidi, maana joto ndilo linaloua betri. Joto halipandi sawa na mkondo, yaani zile ampea zinazopita. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hesabu ileile, kila seli ya betri nyembamba inatoa wati 18 za joto, na zote tano zinafika wati 90. Ni kama umechukua taa ya kizamani ya wati 100 ukaiwasha ndani ya kiboksi cha ukubwa wa kiganja kisicho na tundu la kupumulia. Kwenye betri nene kila seli hutoa wati 4.5 tu. Ile bodi ndogo inayolinda seli ikiona joto au mkondo umezidi, hukata umeme, na fundi anasema mashine mbovu. Kazi yake ya kulinda imeifanya vizuri. Sisi ndio tumempa mtoto gunia la mtu mzima.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue mashine gani, humwambia aanze na betri. Drili na bisibisi ya umeme zinaridhika na seli tano. Msumeno wa duara, randa na grenda zinataka kumi. Na kabla hajachagua rangi ya drili, aangalie kama kampuni hiyo ina msumeno, jigso na randa zinazopokea betri ileile, kwa sababu akishanunua betri tatu za aina moja ndipo alipooa. Kuhamia aina nyingine ni kuanza kulipa mahari upya.

Maandishi ya kwenye maboksi nayo yanahitaji jicho kali. Seli tano zikiwa zimejaa pomoni hufika volti 4.2 kila moja, jumla 21. Ndiyo maana utaona mashine zimeandikwa 18, nyingine 20, nyingine 21, na ndani zote zina seli tano mfululizo. Betri ambayo DeWalt huiuza Marekani kwa jina la 20V Max, Ulaya inaitwa 18V. Hapo hakuna uongo, ni mahali pa kupimia tu. Uongo unaanza ukikuta boksi limeandikwa 88VF au 128VF. Hiyo VF si kipimo cha umeme, na mara nyingi ukifungua utakuta seli tano zilezile, tena dhaifu.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji vifaa vya maabara. Seli moja ya 18650 ina uzito wa kati ya gramu 45 na 50. Betri ya seli kumi, kabla hujahesabu plastiki na bodi, inakaribia nusu kilo. Muuzaji akikwambia hii ni ampea-saa 6, omba mzani kwa jirani anayeuza sukari. Ikija gramu 350, weka chini uondoke. Seli za 18650 hazivuki sana ampea-saa 3.5, kwa hiyo tano zilizo kwenye safu moja haziwezi kutoa 6 hata zikiombewa dua.

Mwenye ndugu ughaibuni naye asikilize kidogo. Mashine zinazoletwa kutoka Marekani huwa na chaja ya volti 120, za Japani volti 100, na soketi zetu zina 230 au 240. Chaja kama hiyo ukiichomeka hapa inaungua siku hiyohiyo, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haisaidii, kwa sababu haigusi volti. Betri yenyewe haina tatizo; mwambie ndugu asome nyuma ya chaja kama imeandikwa 100-240, la sivyo alete mashine na betri, chaja utanunua huku. Na asizitie betri za akiba kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Zinapandishwa mkononi, meno ya shaba yamefunikwa kwa utepe, na zikizidi wati-saa 100 shirika la ndege lazima liridhie kwanza. Wati-saa unazipata kwa kuzidisha: volti 18 mara ampea-saa 5 ni 90, inapita. Ya ampea-saa 6 ni 108, aulize.

Kuhusu motor nitasema machache. Zile zisizo na brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyosugua ndani ya motor kupitisha umeme, zinatumia umeme wa betri vizuri zaidi, na hazina kaboni za kuisha. Zenye brashi ni rahisi na kaboni zake zinabadilishika kwa mashine nyingi. Kwa mtu anayefunga vitasa viwili kwa wiki, yenye brashi inamtosha. Kwa anayekata kila siku, aongeze hela.

Kutunza sasa. Tabia mbaya kuliko zote tumeirithi. Drili ya kwanza ya betri, ile ya Black & Decker ya 1961, ilitumia nikeli na kadimiamu, na betri za aina hiyo zilitawala kwa miongo mingi. Waliotufundisha kazi walituambia tuimalize betri kabisa ndipo tuchaji, isije "ikazoea" nusu. Kwa betri za siku hizi za lithiamu, kuimaliza kabisa ni kuitesa. Ukisikia drili imeanza kulegea, simama, badilisha. Usibonyeze tena na tena kuikamua tone la mwisho.

Betri iliyokaa miezi tupu hushuka chini ya kiwango, na chaja yake huikataa. Hapo hutokea fundi wa "kuamsha", anaichomeka moja kwa moja kwa nyaya kwenye betri nyingine hadi chaja ikubali. Tafadhali, usikubali. Seli ikishuka mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji upya shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa, ikaunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kukutana. Inaweza kufanya kazi wiki nzima, kisha ikawaka usiku kwenye karakana iliyojaa maranda ya mbao na thina.

Ukitoka kukata, betri ikiwa ya moto mkononi, iache kivulini ipoe ndipo uiweke kwenye chaja. Chaja nzuri zina akili ya kusubiri. Za bei rahisi haziulizi. Kuiacha juu ya dashibodi ya gari au kwenye bati saa saba mchana ni kosa, hasa ikiwa imejaa, kwani kujaa na joto vikikutana seli huzeeka haraka. Ukisafiri au kazi zikiwa zimesimama, iache kwenye taa mbili kati ya nne za kuonyesha chaji, ndani, mahali pa baridi.

Halafu angalia meno ya msumeno. Huenda hili lingekuwa la kwanza, maana betri hufa kwa sababu ya diski butu na fundi asijue. Diski iliyojaa utomvu husugua badala ya kukata, na msuguano huo unalipwa na betri, ampea kwa ampea. Siku ile ya mninga, tulipotoa diski jioni tulikuta ukoko mweusi nyuma ya kila jino. Tuliilaza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, tukaisugua kwa mswaki wa zamani, tukaikausha na kuipaka mafuta kidogo. Kesho yake betri nyembamba, ileile, ilikata ubao uliokuwa umeishinda. Ilikata polepole, lakini ilikata.

Betri zangu zote nimeziandika kwa rangi namba na mwaka. Ya kwanza ni ya 2019, na ukinzani wake wa ndani umepanda kama inavyotokea kwa kila seli inayozeeka, hivyo nikiiweka kwenye msumeno inazima hata kwenye msonobari. Nimeihamishia kwenye drili. Wiki iliyopita ilitoboa matundu ya vitasa vya milango sita, na ilipoanza kulegea kijana aliichomoa mwenyewe bila kuambiwa, akaiweka dirishani upande wa kivuli.