Mashine ya kukereza ya njia tatu kwenye umeme wa nyumbani: anza na kibati cha mota

Wenye karakana za nyumbani hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, wananiuliza swali lilelile: nimepata mashine ya kukereza iliyotumika, mota yake ni ya njia tatu (fezi tatu), nyumbani nina njia moja, sasa ninunue nini? Jibu langu: usinunue kitu bado. Zima umeme, fungua kiboksi cha mota, futa vumbi kwenye kibati cha maelezo ya mota usome volti.

Ukikuta 230/400, mambo ni mepesi. Koili zake zimesukwa kwa volti 230. Kwenye umeme wa 400 huungwa staa (ncha za mwisho za koili zote tatu hukutana pamoja), kwenye 230 huungwa delta (mwisho wa koili moja huungwa na mwanzo wa nyingine). Inveta ya mota inayopokea njia moja hutoa njia tatu, lakini ni za volti 230, si 400. Kwa hiyo lazima uhamishe vipande vya shaba vinavyounganisha ncha za koili ndani ya kiboksi cha mota; ncha hizo zina alama U1, U2, V1, V2, W1 na W2. Kwenye staa vimelala safu moja, vimeshika W2, U2 na V2 pamoja. Vitoe, visimamishe vitatu sambamba: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mota iliyoachwa staa itazunguka vizuri bila mzigo, utadhani kazi imeisha, ila kisu kikigusa chuma inalegea. Kila koili inapata takriban volti 133, na nguvu ya kusokota imeshuka hadi theluthi.

Ukikuta 400/690, inveta ya kawaida ya njia moja haikufai. Mara nyingi ni nafuu kubadilisha mota. Mota nyingine za zamani zinatoa nyaya tatu tu, staa imefungwa ndani. Fundi mvumilivu wa kusuka mota anaweza kukitafuta kiungo hicho na kukutolea nyaya sita.

Utashauriwa pia kutumia kapasita badala ya inveta, takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Kwa feni, sawa. Kwa kukereza siikubali. Kapasita husawazisha mikondo kwenye mzigo mmoja tu, na mashine hii mzigo wake haukai: mara inazunguka bure, mara inakata milimita mbili. Mota inachemka na kutetemeka, na mtetemo huo utauona kwenye shafti, mistari midogo ambayo hakuna kunoa kisu kutakakoiondoa.

Basi chukua inveta. Mota ya kilowati 1.5 huandikwa kama ampea 6/3.5 hivi, kwenye inveta weka 6, kwa sababu uko kwenye delta. Upande wa kuingilia, inveta hiyo inaweza kuvuta ampea 14 au zaidi, kwa hiyo soketi ya ukutani ya ampea 13 haihusiki. Vuta waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, na breka yake yenyewe. Swichi ya mbele na nyuma ya mashine isikae tena kati ya inveta na mota, kwani kukata umeme pale mota ikizunguka kunaweza kuua inveta. Itumie kupeleka ishara tu. Na usijaribu kusimamisha ghafla chaki nzito (kile kishikio kinachozunguka na kipande unachokereza): inveta itajizima kwa volti kupanda, na kama chaki ni ya kuskurubiwa moja kwa moja kwenye shafti ya mashine, inaweza kujifungua yenyewe.

Ukishusha inveta chini ya hezi 20, feni ya mota haipozi vya kutosha. Ukitaka mwendo wa polepole kwa kazi nzito, tumia gia na mikanda.

Sasa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, na hapa naomba unisikilize sana. Inveta huvujisha mkondo kidogo kwenda kwenye bodi ya mashine, na ethi ikiwa dhaifu utausikia mkononi. Udongo wetu hukauka kuanzia Mei hadi Novemba, na fimbo fupi ya ethi iliyopigwa ardhini wakati wa mvua inakuwa haina maana Septemba. Piga ndefu, mbili ikibidi, zikiwa mbali kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, karibu na mahali panapolowa maji. Kipimo cha ethi kichukue kiangazi.

Inveta iweke kwenye boksi lililofungwa, mbali na vumbi na mabaki ya chuma kilichokatwa. Ukitaka kulifungua, zima na usubiri dakika 10: ndani mna kapasita zenye volti 325, na taa ikizimika haimaanishi zimeisha.