2147483647 ni namba tasa kweli, ila sababu mnazotoa sizo

Kila nikikuta watu wanaijadili hii namba 2147483647, yaani 2 kipeo cha 31 ukitoa 1, jibu wanalipata halafu sababu wanaharibu, na mimi hii namba naipenda sana kwa hiyo leo niseme.

Kuna wanaosema ni tasa kwa vile inaishia na 7 na haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5. Hapana jamani. Chukua 4294967297, nayo inaishia na 7, nayo hizo tatu zote zinagoma, Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni tasa, akaja mwanahisabati Mswisi Euler mwaka 1732 akaonyesha ni 641 mara 6700417.

Wengine eti kwa kuwa 31 ni tasa basi na jibu lazima liwe tasa. Hii ni nusu ya ukweli. Kipeo kisipokuwa tasa jibu haliwezi kuwa tasa, sawa, ila kipeo kuwa tasa peke yake hakutoshi: 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Sasa dhana inayoniuma zaidi ni kwamba bila kompyuta huwezi kuhakikisha, eti ugawe kwa namba zote mpaka bilioni mbili. Kwanza unaishia kwenye kipeuo cha pili, 46340 na kidogo, maana namba ikigawanyika lazima kigawo kimoja kiwe chini ya hapo. Halafu Euler akapunguza tena, akaonyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibaki 1 au 63, kwa hiyo 7, 11, 13 na wenzao wote huna haja hata ya kuwagusa, wa kwanza kumjaribu ni 311! Gawa mwenyewe kwa kalamu, utapata 6905092 na inabaki 35. Haiingii, unasogea kwa anayefuata. Ndivyo alivyofunga hesabu mwaka 1772, kwa mkono, na ikakaa zaidi ya miaka 70 ikiwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Leo siyo kubwa kuliko zote, hata karibu haifiki. Iliyopatikana Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na tasa haziishi, Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishathibitisha zamani.

Na wale wa programu mnaosema kompyuta haiwezi kuhesabu kupita 2147483647, kompyuta haiishii hapo, ni hesabu za biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1) zenye alama, yaani zinazobeba namba chanya na hasi, ndiyo zinaishia hapo. Ndiyo maana mifumo ya zamani isiyorekebishwa, inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti hizo 32, tarehe 19 Januari 2038 saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki itaruka kurudi Desemba 1901. Wala msidhani kikomo cha biti hutoka tasa kila mara, cha biti 64 ni 9223372036854775807, na hiyo inagawanyika kwa 7.