Wito wa ushemasi na ukasisi: ni nani anayeita?

Juzi nimeyasikia tena malalamiko haya, safari hii katika parishi moja ya hapa Kasulu, kutoka kwa kijana aliyesema kwa uchungu: "Mimi nina wito, kwa nini wananizungusha?" Katika Kanisa Anglikana, wito wa daraja takatifu ni kuitwa na Mungu uwe shemasi, yaani mhudumu wa ngazi ya kwanza, na baadaye pengine kasisi, yaani padre, kuitwa ambako Kanisa limekupima na kukuthibitisha. Maana yenyewe ni hiyo tu. Taabu iko kwenye neno "nina".

Wito, ambao wazee wetu huuita mwito, umetokana na kitenzi kuita, na kuita kunahitaji watu wawili, wala anayeitwa siye anayeanza. Mtoto anayecheza uani akisikia jina lake huitika "abee" au "naam", huacha mchezo, kisha huenda alikoitwa ili aambiwe anachotakiwa. Habaki palepale akiwatangazia wenzake kwamba yeye ana wito. Hata mahakamani neno limeshika maana hiyohiyo: hati ya wito hutolewa na mwenye mamlaka, hutaja mahali na siku ya kufika, na ni baada ya kufika ndipo unaposikilizwa. Ndiyo maana nasikitika tunapolifanya neno hili kuwa hamu ya moyoni peke yake, au, kama tusemavyo siku hizi juu ya ualimu na uuguzi, jina la heshima la kazi yenye mshahara mdogo.

Katika Biblia, kijana Samweli aliitwa na Mungu usiku kwa jina lake, na kila mara alikimbilia kwa kuhani Eli, kwa sababu hakuitambua sauti. Aliyeitambua, mara ya tatu, ni yule mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Neno kasisi lenyewe lilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ya Kisiria ni mzee. Hivyo anayetaka ukasisi huku akikataa kupimwa na wazee anakimbia maana ya cheo anachokiomba.

Vifungu 39 vya Dini, yaani maelezo ya kale ya imani ya Kianglikana, vinalisema wazi katika kifungu cha 23: si halali mtu kujitwalia kazi ya kuhubiri hadharani wala ya kutoa sakramenti kabla hajaitwa na kutumwa na wale waliopewa mamlaka hayo kanisani. Kitabu cha Sala cha 1662, chenye ibada za Kianglikana, kinataka shemasi awe na miaka 23 na kasisi 24, kinataka shemasi akae katika ushemasi mwaka mzima isipokuwa kuna sababu ya maana, na siku ya kuwekewa mikono, yaani kupewa daraja, askofu huwaomba waumini kwamba yeyote anayejua kizuizi ajitokeze akiseme.

Kijana yule aliketi kwenye benchi mbele ya wazee wa kanisa, bahasha ya kaki yenye vyeti ikiwa magotini, tayari kwa maswali ya Biblia. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alimuuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wagonjwa wa mtaani kwenu huwa unawatembelea?" Akanyamaza, na wazee wakamwomba arudi baada ya miezi sita. Yeye aliona anazungushwa. Mimi nasadiki kwamba, kama Mungu anamwita, swali lile lilikuwa sehemu ya sauti yenyewe.

Simlaumu, maana sote tumezoea kusema hivyo. Ila ibada ile ya 1662 haimuulizi mtu kama ana wito. Humuuliza kama anatumaini kwamba Roho Mtakatifu amemsukuma kutoka ndani, halafu, kwa swali la pili, kama anadhani kwamba ameitwa kweli, kwa mapenzi ya Kristo na kwa utaratibu uliowekwa. Naye, akiwa amesimama mbele ya askofu baada ya miaka yote ya masomo na mahojiano, hujibu kwamba anadhani hivyo.