Bunduki ya upepo "kudizeli" maana yake nini

Wakuu, ukikaa na watu wenye bunduki za upepo lazima utasikia hili neno, "hiyo bunduki yako inadizeli". Nataka nilieleze vizuri kwa sababu nimeona bunduki nzuri zikifa kwa watu kutolielewa.

Injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche. Ya dizeli haina, ndani ya silinda pistoni inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikiingia tu inawaka. Rudolf Diesel alipata hataza yake Ujerumani mwaka 1893 kwa wazo hilohilo. Kama hujawahi kuona hewa ikipata moto kwa kubanwa, jaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono halafu shika ile pampu chini kabisa pale mpira unapoingilia.

Sasa bunduki ya upepo ya springi (hizi za kuvunja mtutu ndo ukoki) ndani ina silinda, pistoni na springi nene. Ukivuta triga springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa inabanwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, inapata moto mkali, inapita kwenye kitundu kidogo na kuisukuma peleti (kile kirisasi chake). Kama mle ndani kuna mafuta yaliyozagaa yanawaka, hapo ndo imedizeli. Utaijua. Badala ya ule mlio wake mkavu inalia pah!, moshi unatoka mtutuni, na ukinusa unapata harufu kama mafuta ya kwenye jiko la mishikaki.

Kuungua kidogo tu ni kawaida. Waingereza wawili, baba na mwana wa ukoo wa Cardew, waliwahi kufyatua bunduki ya springi ndani ya naitrojeni ambapo hakuna kitu kinaweza kuwaka, na kasi ya peleti ikashuka kabisa. Bunduki mpya nayo hutoa moshi risasi za mwanzo kwa sababu ya grisi ya kiwandani, ipe muda itatulia. Kinachoua ni ule mlipuko, na unaletwa na sisi wenyewe.

Mjomba wangu anakaa Kigamboni, upepo wa chumvi kule unakula chuma mpaka bawaba za milango, akaona bunduki yake inaanza kutu akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani akapaka nje, sawa kabisa, halafu akaona isiwe tabu akamimina na kwenye kitundu cha hewa. Siku mbili ilikuwa inanguruma mtaa mzima unasikia, watoto wanashangilia, mjomba anasema imeongezeka nguvu. Wiki hiyohiyo ikawa inatema peleti inaanguka karibu. Fundi alipoifungua, sili ya pistoni (ile pete inayozuia hewa isivuje) ilikuwa imeungua pembeni na kuchanika, na springi imekatika. Ule mlipuko unairudisha pistoni nyuma kwa nguvu ambayo springi haikutengenezewa, na joto linaikaanga sili.

Na hiyo "nguvu" kwa mlengaji haina faida hata kidogo! Peleti ya saizi .22 yenye gramu 0.93 ikitoka kwa mita 180 kwa sekunde inabeba kama jouli 15, na ukiwa na bunduki iliyotulia kila risasi inakuwa hapohapo. Ikidizeli moja inatoka hivi, nyingine inavuka kasi ya sauti ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, inayumba, na kwenye karatasi matundu yanapanda na kushuka. Kwenye Olimpiki, raifo ya upepo ya mita 10, kile kidoa cha pointi kumi kina upana wa nusu milimita. Hata mwindaji ni hivyo hivyo, ukimjeruhi ndege akaenda kufia kichakani umemtesa bure (na ndege wa porini wanahitaji kibali, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ipo, uliza kwanza).

Kwa hiyo ukienda kununua, hasa iliyotumika, muombe muuzaji afyatue risasi tano hivi na peleti ndani, sio tupu, maana kufyatua tupu pistoni inagonga ukuta bila mto wa hewa. Moshi kila risasi na mlio mkubwa, jua kuna mtu kamimina kitu. Muulize pia sili ni ya ngozi au ya plastiki. Zile za zamani za ngozi kweli zinahitaji tone moja moja la mafuta yake isikauke, za plastiki ziache. Ukilazimika, tumia mafuta ya silikoni ya bunduki za upepo, hayawaki kirahisi, ila usiyapake kwenye springi kwa sababu chuma kwa chuma hayafai, springi ina grisi yake.

Huku kwetu pwani, nje paka mafuta kwa kitambaa kila ukimaliza kuishika, jasho la mkono na chumvi vinatosha kuleta kutu usiku mmoja. Mtutu ndani pitisha kitambaa kikavu tu.

Wenye hizi za mtungi wa hewa iliyobanwa, presha ya bar 200 na zaidi, nyinyi hamna pistoni ya springi lakini msijione mko salama. Grisi ya kawaida kwenye oringi (pete za mpira za kuzuia hewa) pamoja na presha ile inaweza kulipuka mkononi, tumieni ya silikoni, na usikubali hata siku moja mtu akujazie oksijeni ya kuchomelea badala ya hewa.