Samaki wa kwenye barafu hajasimamishiwa muda

Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja Dar kutoka Arusha anakosoma, nikamchukua asubuhi twende Feri kununua samaki. Muuzaji alikuwa amefukia changu na vibua kwenye boksi la barafu, mikia tu ndiyo inachungulia. Binti akamfunua changu mmoja, akamtazama jicho, bado linang'aa kama la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Akasema: "Mjomba, si umeona? Barafu imetuliza molekuli, nishati mwendo, ile nishati ya kutembea kwao, imeshuka, na muda wa samaki umepungua kasi. Kwa hiyo muda ni nishati mwendo tu."

Sikumjibu pale pale, nilikuwa napatana bei. Hata hivyo hoja yake si ya kitoto. Wapo watu wazima, wasomi wa fani nyingine, wanaojitungia nadharia za fizikia na kuishia hapo hapo: chochote kinachopoteza mwendo kinapoteza muda, na kwenye nyuzi 273.15 chini ya sifuri muda unakufa kabisa. Inavutia kwa kuwa kila mwenye friji anadhani ameshaiona ikitokea.

Dhana: baridi inapunguza kasi ya muda.

Tuanze na huyo huyo changu. Ndani yake zimo saa mbili. Ya kwanza ni bakteria na vimeng'enya vinavyomwozesha, kazi ya kikemia inayotegemea joto. Ukimwekea barafu inazorota. Ya pili ni potasiamu. Nyama ya samaki, sawa na ndizi na viazi, ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni aina ya 40, yenye unururifu. Katika kilo moja ya samaki, atomu kama mia moja za aina hiyo huvunjika kila sekunde. Mfukie kwenye barafu, mwanike juani, mtie kwenye friza la kiwanda: hesabu ni ile ile. Kiini cha atomu hakina habari na barafu ya Feri.

Kama barafu ingekuwa imepunguza kasi ya muda wenyewe, saa zote mbili zingechelewa, tena kwa kiwango kimoja. Moja imechelewa na nyingine haikutikisika. Kilichopungua ni kuoza.

Nadhani Kiswahili chetu nacho kinatuponza kidogo. Neno saa tumelibebesha chombo cha ukutani na kipimo chenyewe kwa pamoja, hivyo mtu akisema "saa imesimama" hujui betri imekwisha au dunia imekwama. Ukizoea kusema hivyo, ni rahisi kudhani kinachokisibu chombo kimeusibu na muda.

Kuna ushahidi mkali zaidi ya samaki. Tangu mwaka 1967 sekunde hupimwa kwa atomu za seziamu: mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wake ndiyo sekunde moja. Kwenye joto la chumba atomu hizo hukimbia zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Katika saa bora za seziamu huzubaishwa kwa leza mpaka zinatambaa sentimita chache tu kwa sekunde, yaani karibu nishati mwendo yao yote imeondolewa. Kwa nadharia ya mpwa wangu, saa hizo zingekaribia kusimama. Kinachotokea ni kinyume. Mwendo ndio unaochelewesha, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905, kwa hiyo atomu iliyotulizwa hupiga haraka kidogo kuliko inayokimbia. Tofauti ni ndogo mno, sehemu chache katika trilioni kumi, lakini mafundi wa saa hizo hulazimika kuihesabu. Nadharia ya "muda ni nishati mwendo" haijakosea kiasi tu. Imegeuza alama, ikaandika jumlisha penye toa.

Na hiyo baridi kuu kuliko zote haisimamishi kila kitu. Heliamu, ukiipoza kadiri unavyoweza kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, inabaki kimiminika. Atomu zake zinakataa kutulia.

Dhana: basi, chenye nishati mwendo kubwa ndicho kinachochelewa zaidi.

Hapa kuna punje ya ukweli, na ndiyo inayowapoteza watu makini. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi. Hiyo kasi kuzidishwa kwa kasi haikukubalika kirahisi. Mholanzi 's Gravesande aliangusha tufe za shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi, akakuta tufe lenye kasi mara mbili linachimba shimo mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet, mwanamke ambaye ningependa vitabu vya shule vimtaje zaidi, aliyashikilia matokeo hayo kwenye kitabu chake cha mwaka 1740 na kuyatetea mbele ya wafuasi wa Newton. Sasa, kuchelewa kwa saa inayokwenda, kwa kasi zetu za kawaida, nako hufuata kasi mara kasi. Ukiviona vitu viwili vinafuata kanuni moja, unashawishika kusema ni kitu kimoja.

Hebu tupige hesabu. Basi la tani 15 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati mwendo ya jouli milioni 3.7 hivi. Risasi ya gramu 8 yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde ina jouli 2,560, pungufu ya basi zaidi ya mara elfu. Lakini saa ambayo ingefungwa kwenye risasi ndiyo ingechelewa zaidi, tena zaidi ya mara elfu kuliko iliyomo ndani ya basi. Na mbu aliyetua kwenye kiti cha basi hilo anachelewa sawasawa na basi zima. Muda hauulizi una jouli ngapi. Kinachohusika ni kasi, au ukipenda kwa lugha ya nishati, ni nishati mwendo ukiigawa kwa nishati yote iliyolala ndani ya tungamo lako. Mbu na basi wakienda pamoja, mgawo huo unalingana.

Dereva wa basi aliyeshika usukani saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka 30, akiwa kwenye 80 muda wote bila foleni (dereva wa ndotoni huyo), atastaafu akiwa kijana kuliko mkewe kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Asidai nyongeza ya pensheni.

Mtu anaweza kusema haya yote ni saa za watu kuharibiwa na mtikisiko wa safari. Hapo ndipo muoni wanapokuja. Ni chembe zinazozaliwa juu angani miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa, na muoni aliyetulia huishi wastani wa mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) 2.2 tu. Mwaka 1963 Frisch na Smith waliwahesabu juu ya Mlima Washington kule Marekani: wastani wa 563 kwa saa. Kufika chini, karibu mita 1,900, walipaswa kubaki kama 27, wengine wawe wamekufa njiani. Walihesabiwa 408. Muoni hana springi wala betri ya kuharibika. Yeye mwenyewe ndiye saa, na alichelewa kufa.

Dhana: bila tofauti ya mwendo hakuna tofauti ya muda.

Mpwa wangu nilimpatia hii tukiwa kwenye daladala. Chukua saa mbili zilizotulia kabisa, moja Dar karibu na usawa wa bahari, nyingine Arusha, mita 1,400 hivi juu. Hakuna anayekimbia. Bado ya Arusha itawahi kwa karibu mikrosekunde tano kila mwaka, kwa sababu mvutano wa dunia nao huchelewesha muda, na ukipanda juu ucheleweshaji unapungua. Akanitazama. "Kwa hiyo mimi nazeeka kuliko wewe, mjomba?" Nikamwambia kwa mikrosekunde tano kwa mwaka, ndiyo, aniamkie taratibu.

Tofauti hizi zinapimika. Mwaka 1971 Hafele na Keating walipanda ndege za abiria wakiwa na saa za seziamu, wakaizunguka dunia kwenda mashariki, kisha magharibi. Saa zilizokwenda mashariki zilichelewa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) 59, za magharibi zikawahi 273. Mwaka 2010 maabara ya vipimo ya taifa ya Marekani, mjini Boulder, ilionyesha tofauti ya muda kwa kuinua saa sentimita 33 tu, na tofauti nyingine kwa kasi isiyofika mita 10 kwa sekunde, kasi ya bodaboda kwenye foleni. Na huyo wa bodaboda anapotazama ramani kwenye simu, anategemea setilaiti ambazo saa zake huchelewa mikrosekunde 7 kwa siku kwa ajili ya mwendo, na kuwahi 45 kwa ajili ya kuwa juu. Kati ya sababu hizo mbili, mwendo ndio wenye athari ndogo. Salio ni 38 za kuwahi, na katika mikrosekunde 38 mwanga umeshakimbia zaidi ya kilomita 11.

Dhana: nishati mwendo ndiyo inayousukuma muda mbele.

Hii naipitia haraka. Rekodi kwa simu gololi mbili zinazogongana sakafuni, kisha irudishe video nyuma. Kasi zimegeuka upande, lakini ukizidisha kasi kwa kasi alama inapotea: nishati mwendo ni ile ile, video ikienda mbele au nyuma. Kitu kisichojua kutofautisha jana na kesho hakiwezi kuwa msukumo wa kwenda kesho. Mwelekeo huo tunaupata kwenye mtawanyiko wa vitu, na wahenga walishausema kabla ya Boltzmann, mwanafizikia aliyeupigia hesabu mtawanyiko huo: maji yakimwagika hayazoleki.

Uhusiano wa kweli wa nishati na muda upo, ila umekaa mahali ambapo watunga nadharia wengi hawagusi. Mwaka 1918 mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether alithibitisha kwamba nishati huhifadhika kwa sababu kanuni za maumbile hazibadiliki kutoka leo hadi kesho. Alikuwa chuo kikuu cha Göttingen wakati huo, akifundisha bila mshahara. Soma tena alichosema: hakusema nishati ni muda. Alisema kule muda kutopendelea siku yoyote ndiko kunakozaa uhifadhi wa nishati. Nikiulizwa, hilo linashangaza kuliko nadharia yoyote ya friji.

Ubunifu nao una nafasi yake. Aristotle aliuona muda kama hesabu ya mabadiliko. Newton mwaka 1687 akasema unatiririka wenyewe, kitu kisogee kisisogee. Ugomvi huo haujaamuliwa. Mwaka 1967 mwanafizikia Bryce DeWitt alichapisha mlinganyo wa ulimwengu mzima kwa fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, na muda haumo ndani yake kabisa. Mpaka leo wanafizikia wanatafuta namna saa ya ukutani inavyoweza kuchipuka kutoka kwenye mlinganyo usio na saa.

Changu tulimkaanga saa mbili usiku. Mafuta yakafika nyuzi mia moja na themanini hivi, molekuli zikatikisika kama ngoma, bakteria wakaisha. Potasiamu yake ikaendelea kuvunjika kwa mwendo wake wa Feri, kwenye karai, kwenye sahani, na baadaye tumboni mwetu.