Mfiduo wa zebaki ni wa mlaji, si wa samaki

Nimeisikia tena wiki hii, na kwa mtu aliyesoma: "Samaki wa ziwa lile wana mfiduo mkubwa wa zebaki." Samaki wana zebaki. Mfiduo ni wa anayewala, yaani kiasi cha zebaki kinachomwingia kwa muda fulani, kikilinganishwa na uzito wake.

Neno lenyewe linatuelekeza. Kufidua ni kufunua, kukiacha wazi kilichokuwa kimefunikwa. Hapa aliyeachwa wazi mbele ya sumu ni binadamu. Samaki ni mchukuzi tu: bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni na yenye sumu kali, viumbe wadogo wakaimeza, samaki wakawala hao, na samaki wala-samaki wakarithi mzigo wa wote waliotangulia. Methilizebaki hung'ang'ania protini za mnofu, kwa hiyo kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.

Sasa chukua samaki mwenye miligramu 0.3 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 akila gramu 200, zinamwingia mikrogramu 60, sawa na 1 kwa kila kilo ya mwili. Akila hivyo mara mbili kwa wiki anafika 2, ilhali kikomo cha wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), kilichowekwa mwaka 2003, ni 1.6 kwa wiki. Jirani yake anayekula samaki huyohuyo mara moja kwa mwezi yuko mbali kabisa na kikomo hicho. Mtoto wa kilo 20 akipewa gramu 100 tu, mlo mmoja unampa 1.5. Samaki ni yuleyule, mifiduo ni mitatu tofauti, na wa mtoto ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu ubongo unaokua ndio unaoumizwa kwanza na methilizebaki.

Ndiyo maana makadirio ya kweli huanza kwa maswali: unakula samaki gani, kiasi gani, mara ngapi? Au hupimwa nywele, kwa kuwa hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi na kila kipande hubaki na kumbukumbu ya kilichokuwa kwenye damu wakati kinaota.

Kwa hiyo ukishapima samaki peke yao, andika "kiwango cha zebaki katika samaki". Neno mfiduo lisubiri hadi uwe umezungumza na walaji.