Je, wajua kwa nini injini ya lita 1.6 yaweza kuizidi ya lita 4.2 kwa nguvu farasi?

Mwaka 1989 Honda walitia kwenye gari lao la Integra injini ya petroli ya lita 1.6, B16A, yenye nguvu farasi 160. Mwaka 1990 Toyota wakaja na 1HZ, dizeli ya lita 4.2 inayobeba watalii wa Serengeti ndani ya Land Cruiser. Hii haifiki hata nguvu farasi 140. Lakini gari likizama kwenye tope, hakuna dereva atakayeomba abadilishiwe.

Nguvu farasi hutokana na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa nyutonimita, ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. 1HZ hutoa nyutonimita 285 hivi, tena mapema, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. B16A haina zaidi ya 150 na kitu, ila huzitoa kwenye 7,000. Msokoto karibu nusu, kasi mara tatu.

Mbona 1HZ isizungushwe hivyo? Kwanza ni dizeli, na dizeli hutaka muda kuungua. Kisha kuna umbo. Pistoni yake husafiri milimita 100, ya Honda 77.4. Kwenye mizunguko 7,600 pistoni ya Honda hukimbia wastani wa karibu mita 20 kwa sekunde. Ya 1HZ ingefika 25, na vyuma vizito vile visingestahimili. Wengi husema mkono mrefu wa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ndio unaoleta msokoto. Mimi natanguliza ujazo: lita 4.2 humeza hewa nyingi zaidi.

Kinachonivutia hasa ni kamshafti, ambayo vinundu vyake hufungua valvu. Ungedhani valvu ya kuingiza hewa hufungwa pistoni ifikapo chini kabisa. Sivyo. Injini ikikimbia, hewa iliyo njiani ina msukumo wake, hivyo huzidi kuingia hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Valvu ikichelewa kufungwa, silinda hushiba. Injini ikienda polepole msukumo huo haupo, na kuchelewa kulekule huirudisha hewa ilikotoka. Ndiyo maana gari lenye kamshafti ya mashindano huwa zito kuondoka.

Honda, kwa mfumo wao wa VTEC, waliweka vinundu vya aina mbili kwenye shafti moja. Kasi ikiwa ndogo, valvu hufuata vile vifupi. Ikipanda, presha ya oili husukuma pini zinazoiunganisha mikono ya valvu, nayo ikafuata kinundu kirefu cha katikati. Mlio hubadilika papo hapo, ukawa mkali, na injini ikaendelea kupanda pale ambapo nyingine zingekuwa zimeishiwa pumzi.